Njano ya Bwana Uledi

Uledi anajua kila kitu. Mwulize kuhusu matairi, mahari, ugonjwa wa figo au bei ya kahawa ya Mbozi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Ni wakala wa forodha hapa Tunduma, na nyumba yake ya mtaa wa Chapwa imepakana ukuta na yetu, kwa hiyo ujuzi wake nimeumeza kwa miaka mingi kama dawa chungu.

Mwaka jana akaleta tangi la samaki wa maji ya chumvi kutoka Dar es Salaam. Sisi huku maji tunayanunua kwa madumu, yeye akajaza sanduku zima la kioo sebuleni, akakorogea chumvi maalumu ya pakiti, akatia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Mimi sikuwajali. Zaitun, mkewe, aliwapenda kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumpenda samaki. Nuria, binti yao wa pekee, alishaolewa Tabora na nyumba ilikuwa imepoa, na wale samaki walijifunza kufuata kidole cha Zaitun nyuma ya kioo. Aliniambia bila aibu kwamba siku hizi ndio wanaomwamsha kitandani.

Sasa, maji ya tangi la namna hiyo hupimwa. Uchafu wa samaki na chakula kilichobaki hugeuka amonia, na amonia inaua. Unachota maji kidogo kwenye kichupa chembamba, unadondosha dawa, unatikisa, unasubiri dakika kadhaa, kisha unalinganisha rangi na kadi. Njano ni salama, kijani ni hatari. Ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho na subira, na Uledi macho anayo.

Subira ndiyo hana, na kupima alikugeuza tamasha. Jioni madereva waliokwama mpakani huja kumsalimia, wanapewa chai, na kila mmoja anawarushia samaki chakula ili aone wanavyopanda juu. Hapo Uledi anatoa kiboksi chake. Anadondosha dawa kwa kukisia, anatikisa kidogo, ananyanyua papo hapo chini ya taa za dhahabu alizopachika darini, taa zinazofanya hata ukuta mweupe uonekane umepakwa samli. Kisha anauliza kama hiyo si njano.

Nani aseme kijani, na makaratasi ya lori lake yako mezani kwa Uledi? Njano, bosi. Njano kabisa. Dereva mmoja wa upande wa Zambia alikuwa anainamisha na kichwa, kwa adabu za kwao: "Njano, mukwai." Mume wangu Lusubilo, mwenye lori lake bovu moja, alikuwa anaitikia kuwashinda wote. Nilimwuliza nyumbani aliona rangi gani, akanijibu kwamba hakuangalia. Kilemba cha ukoka walichomvika Uledi kingelisha ng'ombe wa Ileje nzima, naye alikivaa akaona kimemkaa.

Zaitun aliisoma ile kadi. Asubuhi moja akapima mwenyewe dirishani, akasubiri kama ilivyoandikwa, akaona kijani. Akamwomba mumewe chakula kipunguzwe na maji yabadilishwe. Uledi alimjibu jioni, mbele ya wageni, kwamba mama Nuria hata nyanya mbivu anaziona mbichi. Wakacheka wote, na wangu akiwemo. Akapima tena chini ya taa zake, akatangaza njano, akakiweka kiboksi juu ya kabati mkewe asipofikia.

Haikupita wiki, samaki wakakataa kula na kuanza kuhema juu ya maji. Uledi akasema wanasalimia wageni. Zaitun alimbembeleza chumbani huku analia, akaambiwa kwamba wanaume wazima hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Niliposikia hilo nilimdharau mtu yule mpaka nikachoka. Samaki wa kwanza alikufa Alhamisi. Wa pili alikufa Jumamosi asubuhi, Zaitun akaniita, nikamkuta uani ameketi na bakuli mapajani, samaki ndani yake.

Uledi akatoka na kile kichupa mkononi. Safari hii alikuwa amesubiri, hofu ilimfundisha, na mchana ulikuwa mweupe. Maji yalikuwa ya kijani kama jani la mgomba. Madereva wawili walikuwa wamefika kumpa pole, pamoja na Lusubilo wangu, ambaye hakosi panapotolewa chai. Uledi akawauliza kwa sauti ya chini ni rangi gani, akasema anataka kujua kweli.

Wakakitazama kichupa, wakatazamana.

"Njano, bosi," akasema Lusubilo.

Uledi akawapa mgongo, akachuchumaa mbele ya mkewe, jambo ambalo sijapata kuliona tangu tupakane ukuta.

"Mama Nuria, hawa wananiogopa. Wewe niambie."

Zaitun akafuta mikono kwenye khanga, akakipokea kichupa, akakinyanyua juani na kukitazama vizuri bila haraka yoyote. Kisha akamrudishia.

"Njano, mume wangu," akasema, akachukua bakuli lake akaingia ndani.