Kepteni Ameandika Kwamba Marehemu Mume Wangu Alidaka Akiwa Mlevi

Admin, nifiche jina, na kijiji pia kifiche. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Homa Bay. Wiki nzima nyinyi wa hii peji mmekuwa mkisifu kitabu cha maisha cha yule mchezaji mstaafu. "Mzee ni mkweli!" "Amejivua nguo mbele ya Kenya nzima!" Nimesoma komenti zenu nikacheka kwa hasira. Hajajivua nguo yeye. Amemvua mume wangu, tena marehemu.

Miaka ya tisini mume wangu alikuwa kipa wa timu yao huko Migori, na huyo mwandishi wenu ndiye alikuwa kepteni. Kwa kitabu anasema walifungwa mechi kubwa kule Isebania kwa sababu kipa alikuja uwanjani amelewa chang'aa, anayumbayumba, mpira unampita akiuangalia tu. Hapo ndipo mmecheka sana. Kuna mmoja ameandika eti walevi ndio waliua soka yetu, mkamshangilia.

Sasa nisikizeni. Siku hiyo mume wangu alikuwa na malaria. Nilimfunika blanketi mbili na bado alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi Kepteni akaingia kwangu, hata hodi hakupiga.

"Omera, ndugu yangu, amka. Kipa wa pili hajafika."

Nikamwambia, "Shemeji, huyu hawezi hata kusimama."

"Atasimama tu. Homa haiui mwanaume."

Akamvalisha viatu kwa mikono yake mwenyewe, akamshika kwapa, wakaenda. Jioni waliniletea mume wangu amebebwa. Kepteni hakuwa nao. Kufika kesho yake, mji wote unasema kipa alikuwa mlevi. Mume wangu hata busaa, ile pombe ya matanga, ilikuwa inampita bila kuionja! Tulizomewa mpaka tukahamia Homa Bay, na mume wangu akaishi miaka mingi, akafa, bila kumsema rafiki yake Kepteni vibaya.

Juzi nilimpigia simu Kepteni. Akacheka. "Shemeji, kitabu bila pilipili nani atanunua? Na marehemu hasikii."

"Mimi nasikia," nikamwambia.

Akasema nisijali, Jumapili anazindua kitabu hapa Homa Bay na amenitengea kiti cha mbele, tupigwe picha pamoja.

Kiti cha mbele! Huyo ndiye mkweli wenu. Ameungama dhambi za kila mtu kwa ile timu, na zake ni kuchelewa mazoezi.

Kinachonimaliza ni binti yangu. Yeye ni mwalimu, na wenzake wanakisoma kitabu hicho kwa sauti wakati wa chai. Jana aliniuliza polepole, "Mama, niambie tu. Baba alikuwa anakunywa?" Mtoto aliyelelewa kifuani kwa huyo baba! Nilimweleza yote. Akaitikia, lakini hakunitazama usoni. Halafu akaniomba nisiende Jumapili, eti nitamwongezea aibu.

Mimi nataka kwenda, nikae hapo mbele, na maiki ikifika karibu niichukue. Nikienda, binti yangu amesema tusiongeleshane tena. Nikikaa nyumbani, mume wangu atabaki mlevi kwa kila atakayefungua hicho kitabu.

Nishaurini, nifanye nini? Ila mtu asiniambie nisamehe. Hakuna aliyeniomba msamaha.