Nyapara Kalinga na Homa ya Mafua

Mwaka wa hamsini na saba homa ya mafua ilipanda milima ya Mufindi pamoja na abiria wa basi la Mbeya, na shamba la chai likapata amri mpya: anayekohoa aende kambi ya nyuma ya kiwanda, akae huko mpaka apone, na siku zake zisiandikwe kwenye kipande, yaani asilipwe. Kazi ya kuwatambua wenye kukohoa alipewa nyapara Kalinga, Mhehe mrefu wa koti la jeshi, mzee wa kanisa, aliyependa amri kama wengine wanavyopenda pombe ya ulanzi.

Kila asubuhi alipita kati ya mistari ya chai akitega sikio. Evarista, mjane wa mdogo wake, alikohoa mara moja tu, tena ndani ya khanga.

"Shemeji, nimepaliwa. Nisipochuma leo, watoto watakula nini?"

"Mungu hamtupi mja wake," alimjibu Kalinga, akamwonyesha kambi kwa fimbo.

Watu wakajifunza kumeza kikohozi kama dawa chungu.

Kisha kifua cha Kalinga mwenyewe kikaanza kuwaka. Alijikaza mpaka jua likapanda, kikohozi kikamponyoka katikati ya wachumaji. Evarista, ambaye alikuwa amerudi kazini juzi yake, akaanzisha wimbo kwa sauti kubwa, wenzake wakaitikia. Ikawa ndiyo desturi: nyapara akikohoa, shamba linaimba. Bwana meneja alifurahi sana, akasema sasa watu wanafanya kazi kwa moyo.

"Umenisitiri kwa nini?" Kalinga alimwuliza shemeji yake.

"Ukienda kambini watamleta Bartholomeo awe nyapara. Yule anasikia hata pumzi."

Lakini kila jioni Kalinga alisimama mbele ya meza ya Bwana meneja kutoa habari za wagonjwa, na haukupita muda Bwana naye akaanguka. Alijitenga nyumbani kwake, kuni zikiwaka, supu ya kuku ikiletwa mlangoni, mshahara ukienda kama kawaida.

Alipopona aliwakusanya watu. Alisema kwa Kiingereza, na Kalinga, aliyekiokota kidogo jeshini, akatafsiri: "Bwana anasema kupumzika ndiyo dawa. Mgonjwa asione haya kupumzika."

Evarista akapaza sauti: "Mwulize, yeye alipopumzika, siku zake ziliandikwa?"

Wote walijua nyapara hutafsiri nini na humeza nini. Lakini Kalinga akalitafsiri swali lote, hakuacha hata neno.

Bwana akavaa kofia. Akasema huo ni utaratibu wa kampuni, watu warudi kazini.

Kesho yake fimbo ilikabidhiwa Bartholomeo, na Kalinga akapewa kikapu cha kuchumia chai. Jioni mkewe Apolonia alimwona akiingia na vidole vyeusi kwa majani ya chai.

"Baba Lusia, umeiba?"

"Hapana."

"Umempiga mtu?"

"Nimetafsiri," alisema Kalinga, akaomba maji ya kunawa.