Lumbesa ya Mjane

Kosa langu la mwanzo kabisa huku Molo lilikuwa hili: nilimwambia mjane kwamba kushona lumbesa ni dhambi, na mjane akaniamini.

Lumbesa ni gunia la viazi lililojaa hadi mdomoni, kisha likashonewa neti juu na kuongezwa viazi tena hadi linaota nundu kama fahali. Broka, yaani dalali anayenunua shambani, hulipa bei ya gunia moja, na nundu huondoka nayo bure. Sheria imekataza. Hayo yote niliyasoma kwenye simu kabla ya kuandika somo langu. Sikuwahi kumuuliza mtu ni nani anayetaka lile gunia lishonwe hivyo.

Nilikuwa nimetumwa na kanisa letu la Nakuru kuwa mmisionari wa vijiji vya juu. Chuo cha biblia sikupitia. Nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na kwa kuwa sikuwa na cheti, niliogopa kukosea hata koma. Jumatatu nilifundisha kipindi cha dini katika shule ya msingi, Jumatano nikazuru nyumba za wagonjwa, na siku zilizobaki nililiandika na kulifuta somo la Alhamisi, la darasa la ubatizo. Somo la mizani ya haki nililirudia mpaka nikaliona halina doa.

Wanawake walikuja wametoka kuvuna, matope bado kwenye gambuti.

"Nani hapa anashona lumbesa?" niliuliza.

Walicheka. Mmoja, akiviita viazi waru kama wengi wa huku, akasema, "Mwalimu, kwani wewe kule Nakuru unakulanga waru ya wapi?"

Wakacheka zaidi, nami nikakasirika, maana kicheko hakikuwa kwenye somo langu. Nikasema anayeshona gunia la kuvunja sheria asitegemee kuingia majini nami. Mjane aliyekuwa ameketi karibu na mlango hakucheka. Alikuwa amengoja ubatizo tangu mumewe afe.

Wiki iliyofuata aliweka viazi vyake kando ya barabara katika magunia bapa, yameshonwa sawasawa mdomoni. Lori likaja. Broka akashuka, akayatazama, akawaambia wapakiaji waendelee mbele. Broka huyo ndiye mzee wa kanisa letu la hapa kijijini, anayeketi kiti cha mbele kila Jumapili.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Hakuna broka mwingine aliyesimama, walikuwa wameambiana. Viazi vya juu vikaanza kugeuka kijani, na kiazi cha kijani ni sumu, hakina mnunuzi. Lile lilikuwa vuno lake lote la msimu.

Nilimfuata mzee wa kanisa alipokuwa akipakia kwa jirani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani, yote kwa adabu.

"Mtumishi! Umekuja kupakia?" alisema. Vijana wa lori wakaangua kicheko.

"Mzee, yule mama aliacha lumbesa kwa sababu ya neno la Mungu."

"Aliacha kwa sababu yako. Jumapili mimi hukaa chini nakusikiliza, sivyo? Basi hapa ni kwangu. Sikiliza wewe."

"Boss, toka hapo nyuma, gunia itakuangukia," kijana mmoja akaniambia, na kweli lilikuwa limeinuliwa juu ya kichwa changu, nundu na yote.

Nikaenda kwa mchungaji wa kanisa hilohilo. Alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho, halafu akatazama juu. Mabati ya paa lile mzee ndiye aliyeyanunua. "Fundisha neno, kijana wangu," alisema. "Mambo ya soko wachia soko." Niliiacha chai ikiwa nusu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mzee, na zaidi nilijikasirikia mimi, niliyekuwa nimemtisha mtu pekee katika jambo lile asiyekuwa na la kufanya.

Nilimkuta mjane akivimwaga viazi chini na kuvichambua. Hakuinua kichwa.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Shika hapa."

Nikashika mdomo wa gunia. Akalijaza vile vilivyopona, akachukua neti, akaanza kushona nundu. Sindano ilipita karibu na vidole vyangu. Alipofika katikati akaokota kiazi cha kijani akaniwekea kiganjani.

"Mimi nilitii, mwalimu. Hii ndiyo yako. Upike." Akavuta uzi. "Sasa niambie, nitabatizwa ama sitabatizwa?"

"Utabatizwa."

"Na hii lumbesa?"

"Dhambi yake ina mwenyewe, na si wewe."

"Hiyo usiniambie mimi. Mimi najua. Mwambie mwenyewe."

Jumapili iliyofuata zamu ya kuhubiri ilikuwa yangu. Nilifundisha somo lilelile la mizani, ila safari hii nilisema nani hudai nundu na nani huibiwa. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja. Kila mtu alitazama kiti cha mbele. Mzee aliinuka, akavaa kofia yake humo humo ndani, akatoka. Kutoka upande wa wanawake mtu alisema kwa sauti, "Endelea, mwalimu."

Mjane alibatizwa. Mchungaji alimtumbukiza yeye mwenyewe. Mimi niliambiwa nishike taulo.

Tangu siku ile sijapewa mimbari tena, na mzee hanisalimii. Alhamisi bado nafundisha, na siandiki somo kabla sijaenda mashambani kuuliza. Wanawake wa darasa langu sasa hutoa viazi siku moja, wote kwa magunia bapa, na lori lolote likikataa gunia la mmoja halipewi la mwingine. Msimu huu lori moja kutoka Gilgil limekubali.