Ufagio wa Wifi

"Wifi yako mchawi," jirani alimwambia mama mtoto wakianika nguo. Jirani huyo mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzima. "Ameonekana kazini akitembea na ufagio mbele, kama anamsukuma mtu asiyeonekana. Mhandisi mzima!"

"Labda pana vumbi, shoga."

"Anafagia hewa?"

Mama mtoto alicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni. Ufagio ule aliufunga yeye mwenyewe, wa majani makavu, mpini mrefu. Wifi aliuomba bila kusema wa nini. Kazi yake ilikuwa kuchora matangi na mabomba ya ndege zisizotoa moshi. Gesi ya hidrojeni, alisema, hupozwa mpaka imwagike kama maji, baridi kuliko barafu yoyote, na ikipata upenyo mdogo tu, hiyoo, imetoroka. "Ni kama chupa ya chai, ila yangu inatunza baridi." Na aliyekaza nati za mabomba hayo alikuwa mdogo wake, baba mtoto.

Mchana ule mama mtoto alimbeba mwanawe mgongoni akampelekea mumewe chakula alichosahau. Kabla hajafika kwenye geti la kiwanda, king'ora kikalia. Kupitia wavu wa uzio akamwona mumewe juu ya jukwaa la tangi, mguu mmoja tayari kwenye ngazi.

"Usishuke!" Ilikuwa sauti ya wifi. "Mdogo wangu, ganda hapo hapo!"

"Kuna nini? Mbona sioni kitu?"

"Ndiyo maana nakwambia ugande!"

Wifi alifunga valvu, akashika ufagio, akaenda akiutanguliza, polepole kama anayepima kina cha mto. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na moshi wala mwanga. Alipokaribia ngazi, ncha ya ufagio ikawaka yenyewe.

"Mungu wangu!"

"Moto wa hidrojeni huo, mama," mlinzi wa geti alinong'ona. "Mchana hauonekani."

Mama mtoto aling'ang'ania wavu mpaka vidole vikauma.

"Dada, miguu inatetemeka," mumewe aliita.

"Itetemekee huko huko juu."

Wifi aliukanyaga ufagio ukazimika, akasubiri gesi iliyobaki bombani iishe, akaupeleka tena. Ukawaka. Akaukanyaga, akasubiri. Mara ya tatu akaupitisha juu, chini, pembeni. Haukushika.

"Shuka sasa. Taratibu."

Baba mtoto alipokanyaga ardhi, mama mtoto ndipo alipogundua kuwa mwanawe analia.

Wifi alikuja mpaka kwenye wavu, jasho linamtiririka, mkononi mpini wenye masizi.

"Kile kiungo kilichovuja nilikichora mimi," alisema. "Nitakichora upya." Akautazama mpini. "Wifi, nifungie mwingine. Leo hii. Na mpini uuongeze kidogo."