Wimbo wa Tatu wa Radi Kavu

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Kwa hiyo nianze na lenyewe. Jumapili asubuhi, kesho yake baada ya onyesho la Radi Kavu, kaka yangu mkubwa alifungua mdomo akasema maneno yaliyotufanya watu wazima watatu tukae kama tumemwagiwa maji baridi mgongoni. Na yeye mwenyewe hakujua amesema nini.

Kaka ni fundi wa spika. Si wa redio, si wa televisheni, na ukimletea pasi atakufukuza. Tunagawana chumba kimoja cha kazi. Upande wa dirishani ni cherehani yangu na vitambaa vya wateja, upande wa ukutani ni meza yake, gundi yake inayonuka, koni za karatasi, nyaya nyembamba kama unywele, na spika zilizopasuka tumbo zimepangwa hadi darini. Alianza akiwa na miaka tisa, siku alipofungua redio ya baba kwa bisibisi ya kuazima. Alichapwa vizuri tu, kisha jioni baba akagundua kwamba mkwaruzo uliokuwa ukimsumbua mwaka mzima umekwisha. Tangu siku hiyo baba hakumgusa tena.

Sifa ya kaka ni sikio. Basi linapita barabarani na muziki wake, yeye ameinama mezani, anasema, "Ya nyuma kushoto imechanika," halafu anaendelea kupaka gundi. Wiki haiishi, dereva huyo mlangoni, ameikumbatia spika ya nyuma kushoto. Makanisa, misikiti, kumbi za harusi, wote walikuwa wakimfuata yeye. Masikio hayo ndiyo yamesomesha wanawe wawili, na ndiyo yaliyomsomesha binti yangu baba yake alipotukimbia. Kazi nyingine kaka haijui, na ukimtajia ananuna siku tatu.

Sasa, Radi Kavu. Hiyo ni bendi ya roki, magitaa ya kelele na ngoma za kubomoa nyumba. Wifi yangu, mke wa kaka, anasema muziki wao ni kabati la vyombo limeanguka. Sisi tumeupenda tangu enzi za kanda, miaka ishirini na zaidi. Sisi ni wanne: kaka, mimi, Mwalimu anayefundisha hesabu shule ya jirani, na Kinyozi mwenye duka lake mkabala na letu. Na tuna sheria yetu. Tukishasikiliza kanda mpya, kila mtu anapewa dakika moja ya kusema kilichomgusa, Mwalimu anashika saa, na hakuna kumkatiza mtu. Anayemkatiza mwenzake anachemsha chai ya wote. Nadhani mnajua ni nani aliyechemsha chai kwa miaka ishirini.

Basi bendi ikaja. Si kwenye kanda, wao wenyewe, kwenye ule uwanja wa ndani wa michezo. Jumamosi tukaenda tumevaa fulana nyeusi nilizozishona mimi, na ya Mwalimu ilimbana tumbo. Kaka akapenya mpaka mbele kabisa kwenye vyuma, sisi tukabanwa nyuma yake kama safu kumi. Tulipotoka, masikio ya kila mtu yalikuwa yakilia nzii, tukarudi tukipigiana kelele bila kuelewana neno. Tukakubaliana kwa vidole: kesho asubuhi, kwenye chumba chetu cha kazi, dakika zetu.

Ndiyo hiyo Jumapili. Mwalimu alianza.

"Watu elfu kumi na mbili," alisema, maana huyo bila namba hapumui. "Gitaa la kwanza lilipogongwa, kifua kilitikisika. Nina miaka hamsini na minne, natembea na fimbo ya kuonyeshea ubaoni, lakini jana nimeruka, jamani. Nimeruka mpaka kiatu kimenitoka. Sijui kiko wapi, na sitakitafuta."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwalimu huyu huyu ndiye anayewaadhibu watoto kwa kukimbia koridoni!

Kinyozi akafuata. Alisema alishtuka kuona nywele za mwimbaji zimejaa mvi. "Kwenye kasha la kanda ni nyeusi tii," alisema. "Nikajiuliza, huyu amezeeka lini bila kuniambia? Halafu akaimba, sauti ni ile ile, nikalia kama mtoto. Mimi! Nimenyoa watu wangapi wa msibani bila kutoa chozi?"

Mimi dakika yangu nilikuwa nimeshaichagua. Nilitaka kusema juu ya wimbo wa tatu, kwa sababu kilichotokea pale sijawahi kukiona. Walianza "Daraja la Chuma", wimbo wetu mkubwa, na kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza spika zote za uwanja zikafa. Puu! Taa ziliwaka kama kawaida, lakini sauti hakuna. Wanamuziki wenyewe hawakujua, maana wana vile vidude vyao vya masikioni. Wakaendelea kupiga kwa nguvu zote, wanarukaruka, wanatikisa vichwa, na sisi hatusikii kitu ila ngoma kwa mbali, kama mtu anagonga ndoo ua wa pili. Watu wakapiga miluzi, wakainua mikono juu kulalamika. Spika zilirudi wimbo ukiwa umeshakwisha. Wimbo wetu! Miaka ishirini nimeungoja, nikaishia kuutazama. Nilikuwa na hasira mpaka asubuhi ile.

Lakini zamu ilikuwa ya kaka, na kaka akasema, "Mimi nasema wimbo wa tatu."

Moyoni nikasema, huyu ameniwahi. Kinyozi akaanza kucheka mapema, kwa sababu sote tulijua kinachokuja: fundi wa spika anakwenda kuwachambua mafundi wenzake waliotuaibisha mbele ya watu elfu kumi na mbili.

"Sijawahi kusikia gitaa safi namna ile," kaka alisema. "Ile sehemu anapopiga peke yake, anapopanda, anapanda, halafu anaikalia ile sauti ya juu kabisa haiachii. Mliisikia? Haina mkwaruzo hata chembe. Hata kwenye kanda haiko hivyo."

Kinyozi akapiga makofi. "Fundi, wewe ni balaa! Utatuua!"

Kaka akatabasamu, lile tabasamu la adabu, macho yako midomoni kwa Kinyozi. Halafu akaendelea. Akaeleza besi ilivyoingia chini yake. Akaeleza mwimbaji alivyovuta neno la mwisho. Machozi yakamjaa. Kicheko cha Kinyozi kikapungua, kikakatika. Mwalimu aliiteremsha saa polepole akaiweka gotini.

Hakuwa anatania.

"Sasa niwaambieni jambo ambalo halijui mtu ila mke wangu," alisema, akanigeukia mimi. "Usinikasirikie, mdogo wangu. Mwaka wa pili huu masikio yananiacha. Kidogo kidogo. Daktari alisema kilichobaki kinaweza kuokolewa, lakini nisichelewe, nikichelewa basi tena. Wifi yako amehangaika miezi minne kunipatia nafasi ya kupimwa kwa mtaalamu. Ni kesho asubuhi. Nilikuwa naogopa, siwezi kuwaficha. Nilikuwa silali. Lakini jana, wimbo wa tatu, yalirudi. Ghafla! Kila kitu nikakisikia, kama nina miaka kumi na tano. Leo nimemwambia wifi yako, mama, mimi nimepona, nafasi ile wampe mgonjwa wa kweli. Amelia kwa furaha. Sasa hivi yuko kazini kule hospitali, zamu yake ilianza saa tatu, atamwambia muuguzi anifute kwenye orodha."

Mwalimu alitazama saa. Nami niliitazama. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Nilimtazama kaka yangu, mtu ninayekaa naye chumba kimoja siku sita kwa wiki, nikaona vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Ile bisibisi anayoiuma kwa meno huku ncha yake imegusa spika: nilikuwa nikiwaambia wateja, tazameni ufundi huo! Zile ncha za vidole zinazokaa juu ya koni spika ikilia, nikasema ni mapenzi ya kazi. Wifi alipolalamika kwamba televisheni inapigwa mpaka majirani wanagonga ukuta, mimi ndiye niliyemjia juu kumtetea kaka. Nilimwambia wifi ana masikio ya sungura! Na mabasi? Ni lini mara ya mwisho amenitajia spika ya basi? Mwaka jana? Mwaka juzi? Mimi dada yake, domo langu halifungwi kutwa, sikuwahi hata kunyamaza nikatambua kwamba anayejibiwa na kaka ni mdomo wangu, si sauti yangu.

Na jana, kule mbele, alipoinua mikono yote miwili juu. Tulidhani analalamika kama sisi.

Kinyozi alikuwa anaichungulia sakafu kana kwamba ameangusha sindano. Mwalimu alikohoa akanitazama. Mnaona? Wanaume wawili, ndevu zote hizo, kazi wakaniachia mimi.

"Kaka," nikasema.

"Dakika yangu bado," akasema, akicheka. "Utachemsha chai."

"Kaka, zile spika zilikufa."

"Ee, zilikuwa kali!" alisema. "Zilikuwa kali kweli!"

"Zilikufa!"

"Ndiyo nasema, zilikuwa!" Akampiga Mwalimu begani kwa furaha. "Huyu leo tumekubaliana, andika kwenye kalenda."

Herufi moja tu, jamani. Herufi moja imekaa katikati yangu na yeye, na mimi sina namna ya kuipitisha. Nilisikia sauti yangu inapanda, nikajua nikipiga kelele watasikia majirani wote isipokuwa yeye. Nikageuka mezani kwangu. Palikuwa na kitambaa cheusi cha suti ya mteja, nimeshakipima, bado kukata. Nikachukua chaki ya kushonea, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: SPIKA ZILIKUFA. WIMBO WA TATU HAUKUSIKIKA. HATA KIDOGO.

Nikakinyanyua mbele yake kama mtu anayeanika shuka.

Alisoma. Akasoma tena, midomo inacheza. Tabasamu lilikaa usoni muda mrefu kupita lilivyostahili, maana halikuambiwa pa kwenda. Halafu akamtazama Mwalimu, kwa sababu Mwalimu hajawahi kusema uongo hata wa kuombea ruhusa.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wote hamkusikia?" kaka akauliza.

Nikaonyesha: wote. Uwanja mzima.

"Wa kwanza je?"

"Ulisikika," nikasema polepole, nikiuumba mdomo vizuri.

"Wa pili?"

"Ulisikika, kaka."

"Wa nne? Na ule wa mwisho, wa taratibu?"

"Zote zilisikika. Ila ule."

Nje lilipita basi na muziki wake, spika moja inakoroma vibaya mno, hata mimi nisiyejua kitu nikaisikia. Kaka hakugeuka.

"Hizo nyingine zote," alisema, "mimi nilipata mtikisiko tu. Kama lori linapita. Nikadhani walikuwa hawajapanga vyombo vizuri. Nikawalaumu mafundi wa watu." Akacheka kidogo, akaacha. "Kwenye wa tatu mtikisiko uliisha, nikawa namwona vidole yule kijana wa gitaa. Nikimwona vidole, sauti inakuja. Nilijua inatoka kwake."

Kinyozi alishindwa, akatoka nje akasimama mlangoni ametupa mgongo. Mimi nilitaka kumkumbatia kaka, nilitaka kumzaba kibao kwa kunificha miaka miwili, nilitaka kumwomba radhi wifi nikiwa nimepiga magoti, vyote kwa mara moja. Nilichofanya ni kusimama pale na kitambaa cha watu mkononi.

Kaka alikichukua, akakikunja upande wenye maandishi ndani, akakirudisha mezani kwangu. Kisha akaangalia saa ya Mwalimu. Saa nne na dakika tatu.

"Mpigie wifi yako simu," aliniambia. "Mwambie asinifute. Mwambie kesho nakwenda."

Nikampa simu yangu mkononi. Nilifikiri ni vizuri maneno hayo mkewe ayasikie kutoka kwake mwenyewe.

Alinirudishia.

"Piga wewe," alisema. "Mimi kwenye simu simsikii. Mwaka mzima sasa, akipiga, namjibu tu ndiyo."