Matheka Akata Mgongo wa Gari

Matheka hakuzaliwa fundi wa magari, na ningelikumbuka hilo mapema ningejiokoa na mengi. Alizaliwa Wamunyu, kwa wachongaji, akashika tezo kabla hajashika kalamu. Alipokuja Nairobi alichonga twiga wa watalii hadi akawachukia twiga. Mwaka wa sabini na nane akaacha, akaanza kunyoosha bodi za magari, baadaye akahamia uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu hapa mtaa wa Tena. Bodi aliijua kwa kiganja. Angefumba macho, apapase mlango uliogongwa, akuonyeshe palipobonyea hata kama wewe huoni kitu.

Gari langu alilipenda kuliko nilivyolipenda mimi. Lilikuwa dogo, la Kijapani, la mwaka wa sabini na nne, paa lake likiteremka moja kwa moja hadi mkiani.

"Aliyechora hili alikuwa mchongaji," aliniambia. "Angalia mgongo. Umeshuka bila kuvunjika mahali."

Mimi niliona tu kwamba abiria wa nyuma anagonga kichwa, kioo cha nyuma hakifunguki, na buti lina mdomo mwembamba kama sanduku la posta. Waliolibuni nadhani waliliona hilo pia. Toleo lililofuata lilikuwa na mteremko uleule, lakini nyuma yote ilifunguka kwenda juu, kioo na bati pamoja.

Mwaka wa themanini na nne mama yangu, Bi Muhiba, alipooza upande mmoja. Kuketi hakuweza, mgongo ulimuuma hadi akapiga kelele. Daktari akaagiza mazoezi hospitalini mara mbili kwa wiki, la sivyo mguu ule hautasimama tena. Tulimpeleka mara mbili, amelazwa nyuma ya pikapu ya kukodi, baridi ya Julai, watu wakichungulia kana kwamba tumebeba kabichi. Mara ya tatu alikataa.

"Heri nife kitandani mwangu nimejisitiri," alisema. Na mama yangu akisema hapana, ni hapana.

Nikamwendea Matheka. "Nifungulie nyuma ya gari kama lile jipya, nimlaze mama ndani."

"Hiyo ni kazi ya siku nne, Bwana Faki," akasema, bila hata kufikiri.

Alikata kama mchongaji. Kioo na bati akaviunganisha kuwa mlango mmoja, akautia bawaba juu. Kisha akauondoa ukuta wa bati ulio nyuma ya kiti, na upau uliopita chini ya kioo, kwa sababu vilizuia godoro. Kwenye mti, kisichotakiwa huondolewa na sura ikabaki. Nililichukua gari kwa furaha. Kabla sijafika Umoja mlango wangu ulikuwa umegoma kufunga, na kioo cha mbele kimepasuka kona hadi kona. Gari lilikuwa linajipinda kila penye shimo.

Nilirudi nikamtukana mbele ya wateja wake. Nilimwita mharibifu, nikamwambia akachonge twiga. Hasira hasara, najua, lakini mama alikuwa amekosa kliniki nne na mguu ulikuwa unakonda.

"Niachie gari," alisema tu.

Nilidhani amejificha. Kumbe alikuwa anashinda mjini, kwenye maegesho, akimsubiri yeyote mwenye gari la toleo lile jipya amwombe amfungulie nyuma. Askari wa zamu alimfukuza siku mbili. Siku ya tatu karani mmoja mwenye gari kama hilo, Bi Khavere, akamhurumia, akamfungulia. Matheka akaupapasa mwanya wote kwa kiganja, akapima kwa uzi.

"Wale hawakukata tu," aliniambia aliporudi. "Kila walipotoa, waliongeza pengine. Ule mdomo wa nyuma una fremu nene kama mkono wangu, imezunguka mpaka chini. Mimi nilitoa, sikurudisha. Nimekosa."

Sijawahi kumsikia fundi mwingine wa Nairobi akilitamka neno hilo.

Alichomelea fremu wiki nzima. Ilipokamilika alijilaza mwenyewe kwenye godoro, akaniamuru niendeshe kwenye mashimo ya Kayole. Aliteremka ana nundu kwenye paji la uso, akausukuma mlango wangu kwa kidole kimoja. Ukafunga.

Jumatatu mama alikubali kwenda, kwa masharti: shuka safi, pazia pembeni, na nisikimbize. Lela, mke wangu, alikaa kwenye kigoda kando yake, hata kioo changu cha kuangalia nyuma kikajaa Lela tu, nisione nyuma. Mama alilala kichwa kikiwa upande wangu, ameinuliwa kwa mito, miguu ikielekea mkiani, anatazama nje kupitia kile kioo kikubwa cha mteremko. Tulikuwa tumekaribia Donholm alipoita.

"Faki, yule fundi wako ana wazimu?"

"Kwa nini, mama?"

"Anatufuata na baiskeli tangu nyumbani. Amefunga vyuma vyake kwenye keria. Kila tukipita shimo anainama kuuangalia huu mlango."

Nilishikwa na aibu hadi masikio yakapata moto. Matusi yale niliyatoa mbele ya watu, na mpaka asubuhi ile nilikuwa sijamwomba radhi. Nikapunguza mwendo, asije akaachwa.