Siku Niliyofagia Foleni ya Maji

Mpaka leo nikiona mtungi wa maji umesimama peke yake mahali, masikio yananiwaka moto, na wenzangu wa kanisani hawajaacha kunisalimia, "Niaje, Bwana Usafi?" Afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hawajatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, na sisi vijana wa kanisa moja la Buruburu tulikuwa na misheni ya juma zima kule Mathare (tuliita misheni kana kwamba tumevuka bahari, na kila jioni tukirudi makwetu kwa miguu kula chapati za mama). Kwetu ukifungua bomba, maji yalitoka. Hilo mlishike, maana ndilo lililoniponza.

Asubuhi ile ilikuwa ya huduma ya usafi. Kiongozi wetu, Dada Mwikali, alitugawia fagio na magunia, akatuambia tumngoje nje ya nyumba ya Mama Nekesa, mwenyeji wetu, mpaka arudi na mzee wa kijiji wa kutuonyesha pa kuanzia. Mimi na kungoja hatujawahi kupatana. Nikakaa, nikasimama, nikaimba pambio nusu, nikachungulia njia, mikono inaniwasha, na hapo mbele ya kioski cha maji naona mambo ya aibu: mitungi mitupu imejaa njia nzima, mwenyewe hata mmoja hayupo, na katikati ya mitungi mawe, beseni lililopasuka, na patapata moja kuukuu ya mguu wa kushoto. Nikajiambia, Bwana amenionyesha pa kuanzia, mzee wa kijiji wa nini tena?

Basi nikafagia. Mawe nikayatupa mtaroni, beseni na patapata nikavipeleka jaani kando ya mto, halafu (hapa ndipo nilipojimaliza) nikaikusanya mitungi yote ukutani, mikubwa nyuma, midogo mbele, kama kwaya. Nilijipongeza kweli.

Bomba likakohoa. Maji yalikuwa hayajatoka tangu Jumapili, kwa hiyo sauti ile ilimtoa kila mtu nyumbani, akina mama wenye unga mikononi, mwanamume mmoja na povu la sabuni kwenye shavu, wote mbio, wakafika, wakaduwaa.

"Mtungi yangu ilikuwa ya tatu!"

"Ya tatu ni mimi!"

"Mimi nilikuwa nyuma ya hiyo jiwe kubwa. Jiwe iko wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa na mguu mmoja peku akanijia. "Kijana, patapata yangu umepeleka wapi?"

"Ile kuukuu? Nimeitupa, mama. Ilikuwa takataka."

"Takataka? Hiyo patapata ilikuwa ni mimi! Nimejiweka hapo tangu alfajiri!"

Ndipo nikaelewa. Nani ana siku nzima ya kusimama? Mtu huacha mtungi umshikie nafasi, asiye na mtungi wa pili huacha jiwe, naye akaenda zake kutafuta riziki, na hakuna anayeligusa. Nilikuwa nimewatupa watu jaani.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapanda juu ya ndoo nikaanza kuwahubiria subira (mimi, subira!), ndoo ikapinduka, nikaangukia mitungi, mitungi ikatawanyika, watu wakaanza kuvutana. Mwenye kioski akafunga bomba kwa kufuli. "Siuzii watu wanapigana. Pangeni laini kwanza!" Walipokubaliana nani amfuate nani, alifungua, bomba likatoa matone, likanyamaza.

Mtungi wa kwanza kabisa ulikuwa wa Mama Nekesa. Alikuwa anapikia vibarua githeri, hayo ndiyo maisha yake na watoto wake, na siku hiyo sufuria ya mahindi na maharagwe ilibaki kavu jikoni. Laiti angenitukana.

Badala yake alituita ndani, pamoja na Dada Mwikali aliyekuwa amesharudi, akashusha jagi la maji ya kunywa ya watoto wake, akatupikia chai. Nikaruka kumsaidia kumimina.

"Wewe keti," akasema. "Leo umesaidia ya kutosha."

Wote wakacheka, Dada Mwikali mpaka akatoa machozi. Mimi nilikunywa ile chai nikitaka kulia, maana nilijua ni maji ya nani.

Tulipokuwa tunatoka, yule mama wa patapata alikuwa ananingoja mlangoni. "Kesho uje mapema. Wewe ndio utakuwa patapata yangu."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya kioski kutwa nzima, nyuma ya mtungi wa Mama Nekesa, sihubiri, sifagii, siimbi, miguu inanicheza, jua la utosi, na kila apitaye akinionyesha mwenzake kidole. Jioni maji yakatoka. Mama Nekesa akajaza, mama wa patapata akajaza, na huo ndio utumishi pekee nilioufanya juma lile lote ambao mtu aliuhitaji.

Nimeapa sitafagia tena kwa watu kabla ya kuuliza. Hata leo, nikikuta jiwe mahali nisipopajua, nalizunguka.